Nairobi Hadi New York: Kilomita 11,840, na Saa Zisizofanana Kwenda na Kurudi

Wiki moja kabla ya safari yangu ya kwanza ya kwenda Marekani, mwaka 2009, marehemu baba aliniita dukani kwake Majengo, Mombasa, akaniagiza nimletee lile tufe la dunia ambalo mdogo wangu alikuwa amezawadiwa shuleni. Baba alikuwa fundi cherehani. Alikata kipande cha uzi mweusi, akaibana ncha moja kwa kidole gumba juu ya Nairobi, akaivuta ya pili mpaka New York, kisha akaukaza ule uzi hadi ukalala wenyewe pale ulipotaka kulala. Nilimwambia kuwa amekosea, kwa sababu uzi haukwenda jinsi nilivyozoea kuiona dunia katika ramani ya ukutani darasani. Ulipanda kaskazini, ukaikata Sahara kwa mshazari, ukatokea Moroko, ndipo ukaingia baharini. Baba hakubishana nami. Aliuinua uzi, akaulaza juu ya futi yake ya kushonea, akasoma sentimita 28. Halafu akaizungusha futi kwenye tumbo la tufe, juu ya mstari wa Ikweta, akasoma sentimita 94. "Dunia nzima ni kilomita elfu arubaini," alisema. "Haya, piga hesabu."

Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya vitambaa, nikapata kilomita 11,900 na ushee. Umbali halisi kati ya kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta na kile cha John F. Kennedy, ukipimwa kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, ni takriban kilomita 11,840. Uzi wa cherehani na tufe la plastiki vilikosea kwa chini ya kilomita 100, na tangu siku ile sijaacha kuistaajabia hesabu hiyo.

Ninaandika haya kwa sababu jamaa na marafiki wanaojiandaa kuja huku niliko, Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York, huniuliza swali lile lile kila mara: ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua muda gani? Wakitafuta kwenye simu hupewa namba mbili, moja ya kilomita na moja ya saa, kana kwamba zote mbili zina uthabiti sawa. Namba ya kwanza ni thabiti, kwa kuwa miji haihami. Ya pili hubadilika kwa upepo, kwa majira ya mwaka, kwa upande unaoelekea na kwa mahali unapoanzia kuhesabu, na mtu asiyejua hivyo hujipangia safari vibaya, au huwapangia vibaya wale wanaomngoja.

Nianze na ule mstari wa uzi, kwa maana ndio unaowashangaza wengi. Ramani ya ukutani imeunyoosha mviringo wa dunia ili utandazike juu ya karatasi, na kila ukikaribia ncha za dunia ndivyo nchi zinavyotanuliwa zaidi kupita ukubwa wao. Ukiweka rula juu ya ramani ya aina hiyo, kutoka Nairobi hadi New York, mstari wako utatoka Afrika kupitia pwani ya Mauritania, nawe utaamini kuwa ndiyo njia fupi. Sivyo. Njia fupi inaondoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi. Inapita juu ya kaskazini mwa Uganda, jirani na Lira, inaivuka Sudani Kusini, inapita pembezoni mwa Darfur, kisha Chadi, Nijeri na kusini mwa Algeria. Nusu kamili ya safari, yaani kilomita 5,920 hivi, inaangukia Moroko, si mbali na mji wa Marrakech. Baada ya hapo ni bahari ya Atlantiki, na katikati ya bahari hiyo mstari unapita juu ya visiwa vya Azores, ambavyo ni vya Ureno. Jambo linalonigusa kila nikilifikiria ni kwamba nusu nzima ya safari ya kwenda Marekani ni safari ya ndani ya Afrika. Bara letu ni kubwa kiasi hicho, na ramani ya ukutani, kwa kuzitanua nchi za kaskazini, inatunyima haki hiyo ya kuuona ukubwa wake.

Marubani hawaufuati mstari huo hatua kwa hatua, kwa sababu anga nayo ina mipaka na ruhusa zake. Tangu vita vilipozuka Sudani tarehe 15 Aprili 2023, ndege za abiria zimelazimika kuizunguka anga ya nchi hiyo, na Libya pia imekuwa ikiepukwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo kilomita zinazorukwa hasa huzidi zile za uzi. Kilomita 11,840 ni kipimo cha chini kabisa, ambacho hakuna ndege itakayokipunguza.

Safari yangu ya mwaka 2009 haikuwa ya moja kwa moja, kwa kuwa safari hiyo haikuwapo. Nilipitia Amsterdam, na kwa miaka mingi niliamini kuwa kupitia Ulaya ni kuzunguka sana. Baadaye nilizijumlisha kilomita: Nairobi hadi Amsterdam ni takriban 6,660, na Amsterdam hadi New York ni takriban 5,860, jumla yake 12,520. Zidio ni chini ya kilomita 700, sawa na dakika 45 hivi za kuruka. Basi kilichoifanya safari ile ichoshe hakikuwa umbali. Kilikuwa kungoja: saa tano za kukaa kwenye kiti cha chuma, viatu vikivuliwa na kuvaliwa tena kwenye ukaguzi, na hofu ya kuikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa kutua.

Kupitia Dubai ni habari nyingine. Kutoka Nairobi hadi Dubai ni takriban kilomita 3,550 kuelekea kaskazini-mashariki, yaani abiria wa Marekani anaanza safari kwa kuipa Marekani mgongo. Dubai hadi New York ni kilomita 11,020 hivi. Ukijumlisha unapata 14,570, ambazo zinauzidi mstari wa uzi kwa zaidi ya kilomita 2,700. Tazama vizuri hizo namba: kutoka Dubai hadi New York kumebaki karibu umbali ule ule uliokuwa nao ulipokuwa bado Nairobi. Umeruka saa tano, na hujasogea ila kilomita 820. Hata hivyo siwalaumu wanaoichagua njia hiyo, kwani mara nyingi nauli yake huwa nafuu, na mtu mwenye watoto wanne huanza na nauli ndipo afikirie mviringo wa dunia. Ninachowaomba ni wajue wanachonunua.

Safari ya moja kwa moja ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, pale Kenya Airways ilipoirusha ndege yake aina ya Boeing 787 Dreamliner, yenye viti 234, kutoka Nairobi hadi New York bila kutua popote. Kabla ya hapo, Februari 2017, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikuwa imeipa Kenya kiwango cha kwanza cha usalama wa anga, na bila kiwango hicho mlango usingefunguka. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo kwa miaka tisa. Muda uliotangazwa ulikuwa wa saa 14 hadi 15, na hapo ndipo maswali ya jamaa zangu yalipozidi, kwa sababu waliona kwenye tiketi kwamba kwenda na kurudi havilingani.

Sasa tuhesabu pamoja. Ndege ya aina hiyo ikiwa juu husafiri kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa. Ukizigawa kilomita 11,840 kwa 900 unapata saa 13 na dakika 10 hivi. Hiyo ingekuwa safari ndani ya hewa iliyotulia kabisa, bila muda wa kupanda, kushuka na kujikokota kwenye njia za kiwanja. Lakini hewa ya juu haitulii. Kati ya nchi za joto na nchi za baridi, kwenye kimo kile kile ambacho ndege za masafa marefu hupenda kuruka, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unazaliwa na tofauti ya joto kati ya pande hizo mbili, na kwa kuwa tofauti hiyo huzidi wakati wa baridi ya kaskazini, mkondo nao huzidi nguvu kuanzia Desemba hadi Februari. Katika eneo letu la Ikweta hauupati. Ndege inayotoka Nairobi huanza kuonja ukali wake ikishafika upande wa Moroko, na kutoka hapo hupambana nao hadi New York.

Chukua mfano mwepesi: nusu ya kwanza ya safari haina upepo wa kutajika, na nusu ya pili ina upepo wa kilomita 100 kwa saa. Kwenda, nusu ya pili inarukwa kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa badala ya 900, na inachukua saa 7 na dakika 24 badala ya saa 6 na dakika 35. Kurudi, upepo ule ule unakusukuma mgongoni, unapata kilomita 1,000 kwa saa, na kipande hicho kinakwisha kwa saa 5 na dakika 55. Kwa hiyo kwenda kunakuwa saa 14 kamili za hewani, na kurudi saa 12 na nusu. Angalia pia kwamba upepo wa mbele umekula dakika 49, ilhali upepo wa nyuma umerudisha dakika 40 tu. Haulipi wote unaokopa, kwa kuwa ukiwa unakupinga unakaa nao muda mrefu zaidi kuliko ukiwa unakusaidia.

Mpwa wangu, mwenye miaka kumi na mitatu, alinipinga hapo. Alisema: dunia inazunguka kuelekea mashariki, na ndege ikienda magharibi New York inaijia, basi kwenda kungekuwa kwepesi kuliko kurudi. Ni swali zuri, na watu wazima wengi wanalo moyoni ila wanaona haya kuliuliza. Jibu lake ni kwamba hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo tangu kabla haijaacha ardhi. Mtu akirusha embe juu ndani ya matatu inayokwenda kasi, embe humrudia mkononi na haliangukii abiria wa kiti cha nyuma. Kama hewa ingebaki imesimama huku dunia ikizunguka chini yake, sisi wa Ikweta tungevumiwa mchana na usiku na upepo wa kilomita 1,670 kwa saa, na hakuna mnazi ambao ungesimama.

Kuna jambo jingine linaloifanya safari ya kwenda iwe nzito kuliko ya kurudi, nalo ni Nairobi yenyewe. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko mita 1,624 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko juu ni nyepesi. Mabawa hupata mshiko mdogo, injini nazo hupata hewa kidogo, na hali huzidi kuwa ngumu jua linapowaka, kwa maana joto huipunguza hewa uzito zaidi. Ndege iliyojaza mafuta ya kuvuka nusu ya Afrika na Atlantiki nzima ni mzigo mkubwa: matangi ya 787 ile yanaweza kubeba lita zipatazo 126,000. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, huisaidia sana, na njia ya kurukia pale ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. New York iko kando ya bahari, kimo chake ni mita chache tu, na ndege inayorudi haina taabu hiyo. Ukikaa dirishani utaona tofauti kwa macho. Nairobi mbio za kuruka ni ndefu, taa za pembeni zinakupita na kukupita hadi unaanza kujiuliza, ndipo pua inapoinuka.

Jambo dogo linalowahusu wenzangu wa Pwani: ndani ya ndege hii hewa husindikwa ili mwili uhisi kama uko kwenye kimo kisichozidi mita 1,800 hivi, tofauti na mita 2,400 za ndege nyingi za zamani. Mita 1,800 zinakaribia kimo cha mji wa Nairobi wenyewe, ulio juu kidogo kuliko kiwanja chake. Mtu wa Nairobi, basi, husafiri saa zote hizo akipumua hewa ya nyumbani kwake. Sisi wa Mombasa tunakuwa kama tumepandishwa Nairobi tukalala huko usiku mmoja. Sijawahi kuumwa kichwa katika ndege hiyo, nami katika zile za zamani nilikuwa naumwa kila mara.

Sasa habari ya usiku, ambayo hakuna tovuti iliyowahi kunieleza. Januari moja niliondoka Nairobi dakika chache kabla ya saa sita usiku. Jua lilikuwa limezama Nairobi saa kumi na mbili na dakika arubaini jioni. Tuliruka kuelekea magharibi, upande ule ule ambao usiku nao unakimbilia, na kwa muda wote wa safari tuliandamana nao. Nilikuwa nimekaa dirishani nikingoja weupe wa alfajiri ili niswali. Nililala, nikaamka, skrini ya mbele ya kiti ikaonyesha kuwa tumeivuka Moroko, nje kukiwa giza. Nililala tena, nikaamka tuko mbali katikati ya Atlantiki, giza bado, nyota zile zile juu ya bawa. Chakula cha asubuhi kililetwa gizani. Tulitua gizani, na jua lilichomoza nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji, saa moja na dakika ishirini asubuhi kwa saa za New York, ambayo ilikuwa saa tisa na dakika ishirini mchana nyumbani. Usiku wangu mmoja ulikuwa umechukua zaidi ya saa 20. Wakati wa kurudi mambo yaligeuka. Tuliondoka mchana, jua likazama haraka mno nyuma yetu juu ya bahari, na usiku ukaisha baada ya saa 9 hivi, kabla mwili haujaukubali.

Mwili hupotea kwa sababu ya hayo kuliko kwa sababu ya kilomita. Ndugu yangu anayesafiri umbali mrefu kutoka kaskazini kwenda kusini, bila saa za nchi kubadilika, hufika amechoka lakini anajua ni saa ngapi. Mimi hufika nikiwa na njaa ya mchana alfajiri, na kwa siku tano au sita huamka saa nane za usiku macho makavu. Kuelekea mashariki, yaani kurudi nyumbani, hunisumbua zaidi kuliko kwenda, na wasafiri wengi niliozungumza nao wanasema hivyo hivyo, kwa kuwa mwili huona wepesi kuirefusha siku kuliko kuifupisha.

Kwa mtu wa Mombasa kuna hesabu nyingine ambayo ndiyo ya kweli kuliko zote: kutoka mlango hadi mlango. Safari yangu ya mwisho niliihesabu hivyo. Nilitoka Majengo saa kumi na mbili asubuhi kwenda stesheni ya Miritini. Treni iliondoka saa mbili, ikazikata kilomita 472 hadi Syokimau, nikafika kabla ya saa nane mchana. Nikakaa Nairobi kungoja usiku. Ikaja ndege. Kisha uhamiaji, mizigo, kitreni cha kiwanjani hadi stesheni ya Jamaica, huko huko New York, treni ya E hadi World Trade Center, na treni ya PATH chini ya mto hadi Journal Square. Nilifungua mlango wangu saa tatu asubuhi, ambayo Mombasa ilikuwa saa kumi na moja jioni ya siku ya pili. Jumla ni saa 35. Zile 15 zinazoandikwa kwenye tiketi si hata nusu yake.

Mnisamehe kwa kuwa makini mno na saa hizi. Nina sababu. Baba alifariki Februari 2022, muda mfupi kabla ya adhana ya alfajiri. Huku kwangu ilikuwa saa tatu ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa desturi yetu maiti haicheleweshwi, na baba alizikwa siku ile ile baada ya swala ya alasiri. Nilikaa sebuleni na simu mkononi nikihesabu, kana kwamba nikihesabu vizuri zaidi ningepata njia. Ndege ya moja kwa moja huondoka New York baada ya adhuhuri, saa sita na nusu mchana, yaani saa mbili na nusu usiku Mombasa. Wakati ambao ingekuwa ndiyo kwanza inajiandaa kuruka, baba angekuwa ameshalala kaburini kwa zaidi ya saa tatu. Hakuna ndege yoyote, kwa upepo wowote wa mgongoni, ambayo ingenifikisha. Niliposhindwa kuzifupisha saa nilizitazama kilomita, nikaukumbuka ule uzi mweusi wenye urefu wa sentimita 28, urefu ambao baba aliushona kila siku bila kuufikiria. Kiti nilikipata kwa ndege ya siku iliyofuata, nikafika Majengo siku ya mwisho ya matanga, hitima ikiwa inasomwa.

Tangu hapo mama hunipigia simu kila siku, na amebuni hesabu yake mwenyewe ya tofauti ya saa, ambayo nimeipima nikakuta haina kosa. New York iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 8 wakati wa baridi, na kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, wanaposogeza saa zao mbele. Watu wengi hutoa saba au nane na kuchanganyikiwa. Mama hutumia saa yake ya Kiswahili, ambayo tayari iko nyuma ya saa ya Kizungu kwa sita, na kwa hiyo zimebaki mbili tu za kutoa wakati wa baridi, na moja wakati wa joto. Kwake ikiwa saa nne usiku mwezi Januari, hutoa mbili, akapata mbili, na mbili ndiyo inayosomwa kwenye saa za New York, mchana. Mwezi Julai hutoa moja, akapata tatu. Hatumii karatasi.

Jambo moja tu lilitupa shida, nalo ni siku. Kwa mama, siku huanza jua linapozama, na usiku wa Jumanne ni ule unaofuata mchana wa Jumatatu. Mara moja nilimwambia kuwa nitaondoka Nairobi usiku wa Jumanne, nikimaanisha jinsi tiketi ilivyoandikwa, naye akawa ameshapika mikate ya sinia na kufunga mizigo siku moja kabla. Sasa humtajia tarehe, nikaongeza na swala: baada ya isha, siku fulani.

Jana aliniita nikiwa kazini, theluji ikianguka nje. Kwake ilikuwa saa nne na robo usiku, na nilisikia feni ikizunguka juu yake. "Huko ni mbili na robo," alisema, hata kabla sijamwamkia. "Umekula?"